Jinsi ya Kutembea Mji wa Kale wa Mombasa: Mwongozo wa Viwanja, Roshani na Nyumba za Mawe

Wanaokuja Mombasa mara ya kwanza huuliza maswali yale yale. Mji wa Kale unaanzia wapi? Ni lazima niwe na mtembezaji? Ni salama? Nikishaiona Fort Jesus, nimemaliza?

Hilo la mwisho ndilo hasa lililonifanya niandike. Wengi huingia ngomeni, hupiga picha mbili tatu juu ya ukuta, hunywa dafu hapo nje kisha hupanda tuktuk kwenda Nyali. Wameona ngome, lakini mji hawajauona. Mji uko nyuma ya ile ngome, kati ya viwanja viwili: Treasury Square, uliojengwa na Mwingereza alipokuja kutawala, na Government Square, uliokuwa mlango wa biashara ya majahazi. Ukitoka kimoja hadi kingine kwa miguu, macho yakiwa juu, utaelewa kwa nini nyumba zilijengwa zilivyo na nani alizilipia.

Njia yenyewe ni fupi. Ukitembea bila kusimama, hata saa nzima haiishi. Hapa nitakusimamisha sana, kwa hiyo tenga asubuhi nzima.

Vitu vya kuandaa kabla hujatoka

- Viatu vya soli isiyoteleza. Baadhi ya vichochoro vina mawe yaliyolainika kwa miguu ya watu, na karibu na bahari kuna ngazi zenye ukoga.
- Nguo zinazofunika mabega na magoti, kwa mwanamume na mwanamke. Huu ni mtaa wa watu wanaoishi, wengi wao Waislamu, na heshima ya mavazi inakufungulia milango.
- Kitambulisho. Bei ya wananchi na wakazi ngomeni ni ndogo kuliko ya wageni, na bila kitambulisho huna cha kuonyesha.
- Simu yenye chaji na salio la M-Pesa. Malipo ya taasisi za serikali ya Kenya yamehamia eCitizen, mfumo wa serikali wa mtandaoni. Usitegemee kwamba noti zitapokelewa dirishani.
- Noti ndogo ndogo za kununulia kahawa, maji, viazi karai na kumlipa mtembezaji.
- Maji na kofia. Ukuta wa matumbawe hutunza joto, na ikifika saa tano hakuna upepo unaopenya vichochoroni.
- Darubini ndogo, kama unayo. Kazi nzuri zaidi ya mafundi iko ghorofa ya kwanza na ya pili, na jicho pekee halitoshi.

Kitabu cha historia si lazima. Tarehe chache nitakazokupa humu zinatosha kwa matembezi ya kwanza.

Hatua ya 1: Chagua siku na saa

Toka mapema, uwe Treasury Square saa mbili asubuhi. Mji wa Kale uko upande wa mashariki wa kisiwa, kwa hiyo jua la asubuhi huangaza nyumba zinazotazama maji, na vichochoro bado vina kivuli. Ikifika saa sita jua liko utosini, nakshi zote hupotea kwa sababu hakuna kivuli cha kuzionyesha, na wewe mwenyewe utakuwa umechoka.

Epuka Ijumaa kati ya saa sita na saa nane mchana, kwani maduka mengi hufungwa na njia za misikitini hujaa watu wanaokwenda kuswali. Ramadhani ni mwezi mzuri kwa anayependa usiku, kwa sababu baada ya futari mtaa huamka. Mchana wake ni mkimya, na si adabu kula wala kunywa ovyo njiani.

Angalia pia majira ya mvua. Masika, hasa Aprili na Mei, hugeuza vichochoro kuwa mifereji.

Hatua ya 2: Anzia Treasury Square, si ngomeni

Ukitokea Tanga kwa basi kupitia Horohoro na Lungalunga, utavuka feri ya Likoni na kuingia kisiwani kusini. Ukija kwa treni utashukia Miritini, nje ya kisiwa, na itakubidi uchukue gari hadi mjini. Popote utokako, mwambie dereva wa tuktuk akushushe Nkrumah Road, kwenye kanisa kuu la Anglikana, kisha umalizie kwa miguu.

Simama kidogo hapo kanisani. Lilikamilika 1905 kwa kumbukumbu ya maaskofu wa kwanza wa eneo hili, akiwemo James Hannington aliyeuawa Busoga, Uganda, mwaka 1885. Mchoraji wake alikuwa John Sinclair, ambaye baadaye alichora majengo mengi ya serikali Unguja, likiwemo la makumbusho ya Beit el Amani. Tazama kuba na matao yake: kanisa la Kikristo lililovaa umbo la majengo ya Kiislamu. Aliyewahi kutembea Unguja atautambua mkono wake mara moja.

Kutoka hapo, shuka na Nkrumah Road kuelekea ngome hadi uone bustani yenye miti mikubwa na majengo mazito yenye nguzo pande zake. Hapo ndipo Treasury Square.

Hatua ya 3: Zunguka uwanja mzima kabla ya kupiga picha

Wageni wengi hupita hapa wakiangalia simu. Zunguka kwanza, taratibu, upande wa kivuli.

Utaona jengo la hazina ya zamani lililoupa uwanja jina, majengo ya mabenki, na kuta nene zenye kumbi za matao mbele. Kumbi hizo ziliwekwa ili jua lisipige ukuta wa ofisi moja kwa moja, na karani aandike bila karatasi kulowa jasho. Uingereza ilitangaza ulinzi wake juu ya eneo hili tarehe 1 Julai 1895, na reli ya Uganda ilianza kujengwa kutoka Mombasa mwaka uliofuata. Fedha za serikali mpya, mishahara na mizigo vilihitaji ofisi, na ofisi hizo ndizo hizi. Mnamo 1905 makao makuu yakahamia Nairobi, na uwanja ukabaki na majengo makubwa kuliko kazi iliyobaki. Ndiyo maana mengi yamedumu.

Ndani ya bustani tafuta sanamu ya Allidina Visram, iliyowekwa 1937. Alizaliwa Kutch, India, akaja pwani hii akiwa kijana mdogo, akafanya kazi na mfanyabiashara Sewa Haji Paroo wa Bagamoyo, kisha akafungua maduka yake mwenyewe hadi Uganda. Alifariki 1916. Napenda sana kwamba katikati ya uwanja wa serikali ya kikoloni amesimama mfanyabiashara, wala si gavana. Ukifika barabara ya Ndia Kuu, ndani ya Mji wa Kale, kumbuka sura hiyo: nyumba nyingi zenye roshani utakazoziona kule zilijengwa kwa fedha za watu wa biashara kama yeye.

*Angalizo:* baadhi ya majengo hapa bado ni ofisi za serikali na mabenki. Usielekeze kamera kwenye lango lenye askari. Ukitaka picha, salimia kwanza kisha uulize.

Hatua ya 4: Mahakama ya zamani na mizinga miwili

Ukisogea kuelekea ngome utaona mahakama ya zamani, iliyojengwa 1902, sasa ikiwa chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Ikiwa kuna maonyesho, ingia. Ikiwa hakuna, mlango na veranda vinatosha.

Mbele ya ngome kuna mizinga ya vita vya kwanza vya dunia. Mmoja ni wa meli ya Kijerumani Königsberg na mwingine ni wa meli ya Kiingereza Pegasus. Königsberg ndiyo iliyoizamisha Pegasus katika bandari ya Zanzibar Septemba 1914, kisha nayo ikaangamizwa ndani ya delta ya Rufiji Julai 1915. Mizinga ya maadui wawili imewekwa mahali pamoja, na watoto huipanda kila siku.

Hatua ya 5: Fort Jesus kwa saa moja na nusu, usizidishe

Ngome inastahili siku yake pekee, lakini leo usiimalize, la sivyo mji utaufikia ukiwa hoi. Fuata mpango huu:

1. Kabla hujaingia, gusa ukuta kwa nje. Ngome imekaa juu ya mwamba wa matumbawe, na mahali pengine mwamba wenyewe umechongwa ukawa sehemu ya ukuta. Tafuta pale mwamba unapoishia na jiwe la kupanga linapoanzia.
2. Langoni, tazama juu uone maandishi ya Kireno ya 1635. Miaka minne kabla yake, mwaka 1631, Yusuf bin Hasan, mfalme wa Mombasa aliyelelewa na Wareno na kubatizwa kwao, aliwageukia na kuiteka ngome.
3. Ndani, panda kwenye buruji moja tu kati ya nne, ile inayotazama bahari. Ngome ilijengwa kati ya 1593 na 1596 kwa mchoro wa Giovanni Battista Cairati, Mtaliano aliyewatumikia Wareno. Kutoka juu utaona jinsi pembe za kuta zilivyopangwa ili adui asipate mahali pa kujificha chini ya ukuta wowote.
4. Tafuta michoro ya mabaharia wa Kireno iliyochukuliwa kutoka ukutani: meli, watu, samaki. Ni kazi ya watu waliokuwa mbali na kwao.
5. Malizia kwenye nyumba ya Kiomani. Waomani waliizingira ngome kuanzia Machi 1696 na kuitwaa Desemba 1698. Pwani hii ikabaki na uhusiano na Oman, na baadaye na Sultani wa Zanzibar, hadi 1963. Hata Mwingereza alipotawala, ukanda wa pwani wa maili kumi ulihesabika kuwa milki ya Sultani.

Kati ya 1895 na 1958 ngome ilikuwa gereza. Ilianza kutumika kama makumbusho miaka ya 1960, na mwaka 2011 ikaingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO.

*Angalizo:* watembezaji watakufuata langoni. Wengine ni wajuzi wa kweli, wazaliwa wa mtaa. Patana bei, muda na njia kabla hamjapiga hatua. Mwambie wazi: "Nataka unitembeze hadi Government Square na nyumba ya Leven, nirudi kwa Ndia Kuu." Ukiacha bila kupatana, matembezi yataishia kwenye maduka ya vinyago na ugomvi wa malipo.

Hatua ya 6: Ingia mtaani kwa barabara ya Mbarak Ali Hinawy

Kutoka ngomeni kuna njia mbili kuu zinazoingia Mji wa Kale: Ndia Kuu, na barabara iliyopewa jina la Sir Mbarak Ali Hinawy, aliyekuwa Liwali wa Pwani wakati wa Mwingereza. Nenda kwa Hinawy, urudi kwa Ndia Kuu. Ya kwanza iko upande wa bahari na inakupeleka moja kwa moja kwenye kiwanja cha pili. Ndia Kuu ina roshani nyingi zaidi, na ni vizuri uifikie ukiwa tayari unajua cha kutazama.

Tembea pembeni. Bodaboda, tuktuk na mikokoteni hupita hapa, na njia ni nyembamba. Salimia wazee waliokaa barazani. "Asalaam aleikum" itajibiwa, na "shikamoo" kwa mzee haijawahi kumwangusha mtu. Anayesalimiwa vizuri atakuelekeza hata usipouliza.

Hatua ya 7: Jifunze kusoma nyumba

Hatua hii usiiruke. Chagua nyumba moja, yoyote, simama upande wa pili wa njia na uisome kutoka chini kwenda juu.

*Ukuta.* Tafuta mahali lipu imebanduka. Utaona matumbawe yenyewe, mengine bado yana alama za maua na mikunjo kama ya ubongo, yakiwa yameshikanishwa kwa chokaa. Chokaa hiyo ilipatikana kwa kuchoma matumbawe kwenye tanuri la kuni. Ukuta wa namna hii hupumua: hunywa unyevu na kuutoa. Ukiona mahali pamesiribwa kwa saruji, kisha saruji ikavimba na kupasuka, sababu ni hiyo hiyo. Saruji hufungia maji ndani, ukuta unaoza nyuma yake. Nyumba nyingi za zamani hufa kwa kutengenezwa vibaya.

*Dari na upana.* Ukipata mlango ulio wazi na mwenyewe akikuruhusu, tazama juu. Boriti za mikoko zimepangwa zikikaribiana, na juu yake mawe na chokaa. Boriti haiwi ndefu sana, kwa hiyo vyumba vya kale ni vyembamba na virefu, karibu hatua nne upana. Ukiona ukumbi mpana, ujue kuna boriti za mbao za kigeni au chuma, na nyumba ni ya baadaye.

*Mlango.* Angalia juu ya mlango kwanza. Kizingiti cha juu kilicho sawa, chenye nakshi za majani au maandishi, mara nyingi ni mtindo wa Kiarabu na Kiswahili. Tao lenye nakshi nyingi ndogo ndogo na vipande vya mraba kwenye mbao ni mkono wa Kihindi, na kwa kawaida ni wa miaka ya baadaye. Kisha tazama mfaa, ule mti wa katikati unaofunika mwanya wa mbao mbili. Fundi alimalizia ustadi wake hapo.

*Roshani.* Hapa ndipo Mombasa inapotofautiana na Lamu. Nyumba ya kale ya Lamu imeupa mtaa mgongo: ukuta mtupu nje, uzuri wote ndani. Mombasa, kuanzia mwishoni mwa karne ya 19, wafanyabiashara wa Kihindi walijenga duka chini na makazi juu, na makazi yakatokeza roshani ya mbao juu ya njia. Tazama vitu vitatu: vishikizo vya chini vinavyoibeba roshani, vilivyochongwa kwa mapindo, jali, yaani vizuizi vya mbao vilivyotobolewa matundu, ambavyo mwanamke wa nyumba aliweza kuona mtaa kupitia kwavyo bila kuonekana, na ukingo wa juu, pale mbao zilipokatwa kwa msumeno mwembamba kama kamba ya lasi. Tumia darubini. Mara nyingi utaona kishikizo kimoja hakifanani na wenzake, kwa sababu kilioza kikabadilishwa na fundi mwingine.

*Paa.* Mabati yaliyoinama yalikuja na meli za mwisho wa karne ya 19. Kabla yake kulikuwa na makuti na paa bapa za chokaa.

Fanya hivi kwa nyumba tatu. Baada ya hapo macho yatajiendesha yenyewe.

*Kosa la kawaida:* kudhani kila kitu hapa kina miaka mia tano. Nyumba nyingi unazoziona ni za mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa ya 20. Mtaa ni wa kale sana. Nyumba zimejengwa na kujengwa upya juu ya misingi ile ile.

Hatua ya 8: Msikiti wa Mandhry

Kwenye njia hiyo hiyo utakutana na msikiti wa Mandhry, unaohesabiwa kuwa wa mwaka 1570, yaani ulikuwepo kabla jiwe la kwanza la Fort Jesus halijawekwa. Mnara wake mweupe ni mfupi, mnene chini na mwembamba juu, haufanani na minara ya Misri wala ya Uturuki. Mtindo huo ni wa pwani hii. Karibu yake kuna kisima cha zamani.

Asiye Mwislamu asiingie bila kukaribishwa. Mwislamu anayetaka kuswali atapata nafasi kama msikiti mwingine wowote. Kwa wote, usimpige picha mtu anayetawadha.

Hatua ya 9: Government Square na bandari ya kale

Ghafla njia inafunguka na unajikuta kwenye uwanja mpana kuliko mwingine wowote ndani ya Mji wa Kale. Keti kivulini na ukae hapo nusu saa.

Hapa ndipo mji ulipokutana na bahari. Majahazi kutoka Arabuni, Ghuba na India yalikuja na kaskazi, upepo unaovuma tangu kama Novemba hadi Machi, yakiwa na tende, mazulia, samli na masanduku. Yalirudi kusi ilipoanza, yakibeba boriti, nafaka na pembe. Kati ya pepo hizo mbili mabaharia walikaa mjini wakisubiri, wakiuza, wakioa. Forodha ilikuwa hapa, posta ilikuwa hapa, na ofisi nyingi za utawala zilipanga uwanja huu kabla Treasury Square haijachukua nafasi yake.

Kilichobadilisha mambo ni kina cha maji. Meli kubwa za moshi zilihitaji maji marefu, na hayo yako Kilindini, upande wa pili wa kisiwa. Reli ikaanzia huko, gati zikajengwa huko, na vigari vidogo vilivyosukumwa na watu juu ya reli nyembamba vikawa vikiunganisha pande hizo mbili za mji. Ofisi zikapanda kuelekea Treasury Square. Government Square ikabaki na majahazi yake, na hadi leo vyombo vya mbao huingia bandari ya kale, ingawa si kwa wingi wa zamani.

Ukiwa umekaa, fanya zoezi hili: hesabu milango inayotazama uwanja, kisha ile inayotazama maji. Utaona majengo makubwa yameelekeza uso mahali mzigo ulipotokea. Mwenye ghala alitaka kuona jahazi lake likitia nanga.

Agiza kahawa tungu ukimwona muuzaji na dele lake la shaba. Kikombe ni kidogo, hakina sukari, na huenda vizuri na kipande cha halua.

*Angalizo kubwa:* eneo la bandari ni la serikali na kupiga picha humo huleta matatizo. Usipenye lango wala kupiga picha kuelekea gatini bila ruhusa ya askari aliyepo. Uwanja wenyewe hauna shida, lakini uliza.

Hatua ya 10: Leven

Sogea kaskazini kidogo, ukiulizia nyumba ya Leven. Watu wa mtaa wanaijua. Jina linatokana na meli ya Kiingereza iliyotia nanga Mombasa 1824 chini ya Kapteni William Owen. Wamazrui, ukoo uliotawala Mombasa wakati huo, walitaka ulinzi wa Mwingereza dhidi ya Sayyid Said wa Oman, na Owen akakubali bila kwanza kupata idhini ya London. Ulinzi huo ulifutwa 1826. Luteni Reitz, aliyeachwa hapa kusimamia, alifariki mwaka ule ule wa 1824. Jina lake limebaki Port Reitz.

Mbele ya nyumba kuna ngazi zinazoshuka majini kupitia kwenye mwamba, na chini kuna kisima cha maji baridi kilichowafaa mabaharia. Shuka tu maji yakiwa yamekupwa na ngazi ni kavu. Shika ukuta. Watoto wasishuke peke yao.

Hatua ya 11: Rudi kwa Ndia Kuu

Sasa una jicho. Tembea polepole, ukibadilisha upande wa njia kila baada ya nyumba chache, kwa sababu roshani iliyo juu yako huwezi kuiona. Kati ya duka na duka kuna nyumba zilizorekebishwa kwa uangalifu, nyingine zilizoachwa na miti ikiota ukutani, na ghorofa mpya za saruji zilizopachikwa katikati. Mji wa Kale ulitangazwa kuwa eneo la hifadhi 1990, na anayetaka kubomoa au kujenga anapaswa kupata idhini. Utaona mwenyewe mahali idhini ilipofuatwa na mahali ilipopuuzwa. Inauma kuona roshani iliyochongwa kwa miezi imeng'olewa ili pawekwe dirisha la alumini.

Njia itakutoa ngomeni tena. Kama bado una nguvu, katiza Kibokoni badala ya kufuata barabara moja kwa moja: vichochoro vya huko ni vya makazi zaidi, na jioni kuna viazi karai, mishkaki na mahamri kwa mbaazi za nazi.

Ukikwama

*Umepotea vichochoroni.* Ramani ya simu huchanganyikiwa kati ya kuta. Usizunguke ukiwa umeinamia simu mkononi, kwa sababu ndivyo simu zinavyonyakuliwa. Ingia dukani, uliza: "Ndia Kuu ni wapi?" Kutoka Ndia Kuu kila mtu anajua ngome.

*Umefika na ngome imefungwa, au mfumo wa malipo umegoma.* Fanya hatua ya 6 hadi ya 11 kwanza, kisha rudi. Njia ya mitaani haina kiingilio.

*Mtu amekukaripia kwa kupiga picha.* Shusha kamera, omba radhi, na kama ametokea kwenye picha, ifute mbele yake. Mara nyingi mazungumzo huishia kwa yeye kukuonyesha nyumba nzuri zaidi.

*Mtembezaji asiyeitwa hakuachi.* Mwambie "Ahsante, nina mwenyeji," kisha ingia duka au mkahawa wowote, ukae. Usibishane njiani.

*Mvua imekukuta.* Kumbi za matao za Treasury Square zitakukinga, na roshani za Ndia Kuu hufunika nusu ya njia. Mvua ikiisha, epuka kusimama chini ya roshani iliyooza. Mbao zilizolowa ni nzito.

*Picha zako zote zimekuwa na anga jeupe na nyumba nyeusi.* Umechelewa, jua liko juu. Piga vipande vidogo vilivyo kivulini, mlango, mfaa, kishikizo, na uache nyumba nzima hadi saa kumi jioni.

*Umechoka kabla ya Government Square.* Acha Leven, usiache uwanja. Kutoka uwanjani, panda tuktuk hadi Nkrumah Road, na Leven uifanye kesho asubuhi maji yakiwa yamekupwa. Waulize wavuvi saa za kupwa, wanazijua kuliko simu.